Wimbo wa Mama Séraphine Si wa Slovakia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Guerschom Kasereka. Alifariki wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi, hapa Kampala, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Wengi mlimjua Kawempe kama mnoaji wa misumeno. Kabla ya hapo alikuwa bwana misitu huko Kongo. Na kabla ya hapo, akiwa kijana, aliimba katika bendi ya muziki huko Slovakia, nchi ya Ulaya.

Kwa mliofungua redio sasa hivi, nasema tena. Tunamkumbuka Guerschom Kasereka, mnoaji wa misumeno, mwimbaji.

Nimesali kabla ya kuingia studio. Nimemwomba Mungu anipunguzie hasira. Hajanipunguzia. Nadhani ana sababu zake. Basi nitaongea nayo hivyo hivyo.

Kasereka alizaliwa karibu na Lubero, mashariki ya Kongo, kwenye vilima vya baridi. Mama yake anaitwa Séraphine Kavugho. Mama huyu yuko hai. Ana miaka themanini na moja, anaishi Kawempe, na sasa hivi anatusikiliza. Shikamoo, mama.

Kasereka alipokuwa na miaka sita, dada yake mdogo, Victoire, alishikwa na surua. Alikuwa na miaka miwili. Mama alimfunga mgongoni akaanza kupanda kwenda kwenye zahanati. Ni mwendo wa saa sita. Kasereka alifuata nyuma, ameshika ncha ya kitenge cha mama. Mama alijua kwamba akikaa chini hatainuka. Kwa hiyo aliimba ili asikae. Alitunga njiani, hatua kwa hatua. Maneno yake, kwa Kiswahili, ni haya: "Bwana, kama kilima hukipunguzi, niongezee miguu."

Hatua nne, pumzi. Hatua nne, pumzi. Ndivyo wimbo ulivyozaliwa.

Victoire alipona. Leo anauza maharage na unga wa muhogo hapa Kampala. Aliniambia: "Wengine wana picha za utoto wao. Mimi sina hata moja. Mimi nina wimbo. Mzigo ulio ndani ya wimbo huo ndio mimi."

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Wimbo una mtunzi. Una mwaka, una kilima, una mtoto aliyebebwa, na mtoto huyo anaweza kuonekana dukani kwake kila siku isipokuwa Jumapili.

Mwaka 1994 Kasereka alipata ufadhili wa kusomea misitu Slovakia, katika mji wa Zvolen. Huko alikutana na Ondrej, mpiga fidla. Ondrej na wenzake walikuwa na bendi iliyoitwa Tri Jedle, maana yake misunobari mitatu. Walichanganya nyimbo za vijijini kwao na gitaa za umeme na ngoma za roki. Babu zao walikuwa wachungaji wa kondoo milimani. Wachungaji hao walipuliza filimbi inayoitwa fujara. Ni ndefu karibu kama mtu mzima. Unaishika wima mbele ya kifua, na sauti yake ni nzito, kama mtu anayeomba peke yake kwenye kanisa tupu. Hayo ni maneno ya Kasereka.

Sasa sikilizeni namna bendi ile ilivyofanya kazi, maana kosa lilitokea hapo. Walikwenda vijijini na kinasa sauti. Waliketi jikoni kwa bibi mmoja, wakala jibini lake, wakarekodi nyimbo zake. Kisha waliziweka kwenye sahani ya muziki. Mahali pa jina la mtunzi waliandika "wimbo wa jadi". Hawakuona ubaya. Kwao, wimbo wa kijijini ulikuwa kama maji ya kisima. Nani anauliza kisima ni cha nani?

Siku moja kwenye mazoezi Kasereka aliimba wimbo wa mama yake. Ondrej alisimamisha fidla.

"Huo ni wa nani?" akauliza.

"Wa mama yangu."

Ondrej akacheka. "Nyimbo zote ni za mama, kaka! Hata zangu nilipewa na bibi."

Wakaurekodi mwaka 1998. Kasereka akaimba, fujara ikamfuata. Na chini yake wakaandika: wa jadi. Kasereka alikuwa kijana. Miaka mingi baadaye alinieleza: "Nilitazama picha yangu kwenye jalada. Maandishi sikuyatazama."

Alirudi Kongo akafanya kazi ya misitu. Vita vikafika Lubero. Akakimbia na mama yake, dada yake na binti yake Darlène, wakafika Kampala. Hapa hakuna aliyehitaji bwana misitu kutoka Kongo. Lakini maseremala walihitaji misumeno mikali. Akanunua tupa ya kunolea na jiliwa la kubania msumeno, akakaa Kawempe kando ya wachonga vitanda. Alikuwa akisema, "Zamani nililinda miti. Sasa nanoa meno ya adui zake. Mungu ana utani."

Jumapili moja, miaka minne iliyopita, aliingia kwenye misa ya Kiswahili katika parokia yetu. Kwaya ikaanza wimbo wa matoleo. Kasereka akasimama peke yake katikati ya watu waliokaa. Ulikuwa wimbo wa mama yake. Dada mmoja wa Kislovakia aliyejitolea hapa alikuwa ametufundisha zamani, kutoka kwenye sahani ile ile. Tukautilia maneno ya matoleo. Tukatoa nakala kwenye maduka ya Wandegeya, karatasi mia tatu. Chini ya kila karatasi kuliandikwa: "Sauti: ya jadi, Slovakia."

Nasema "tuka" kwa sababu mimi ni mwanakwaya. Naimba sauti ya pili. Nilikuwepo.

Baada ya misa alimfuata mwalimu wetu wa kwaya, Oketch. Namtaja kwa jina kwa sababu nilimwambia nitamtaja. Alinijibu, "Nitaje. Lakini ujitaje na wewe." Haki yake. Nimejitaja.

"Mwalimu, pole kwa kazi," Kasereka alisema. "Wimbo huu ni wa mama yangu."

"Mzee, soma hapa. Imeandikwa Slovakia."

"Nimesoma. Mimi ndiye niliyeupeleka huko."

Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akadakia: "Eh, Wakongo hawa! Kesho mtatuambia hata Haleluya mliitunga huko kwenu Butembo!"

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Kasereka naye alitabasamu. "Haleluya hapana, dada. Hiyo waachieni wenyewe. Lakini huu, ndiyo."

Oketch akamwuliza: "Una karatasi ya kuthibitisha?"

Karatasi! Mtu huyu aliulizwa karatasi mpakani. Aliulizwa karatasi ofisini, akaulizwa na mwenye nyumba, akaulizwa na polisi. Akaingia nyumba ya Mungu, na huko pia akaulizwa karatasi, kwa ajili ya wimbo ambao mama yake aliutunga na mtoto mgonjwa mgongoni. Dada aliyekuja kutoka Ulaya hatukumwuliza karatasi yoyote. Alisema wimbo ni wa jadi ya kwao, nasi tukaitika amina.

Kasereka hakugombana. Alikwenda akatafuta hiyo karatasi. Alimwandikia Ondrej kwa Kislovakia chake ambacho, alisema mwenyewe, kilikuwa na kutu kuliko misumeno ya wateja. Barua zilirudi, anwani ilikuwa ya zamani. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kumpata. Mama alikuwa anazeeka. Kasereka alitaka kitu kimoja tu: jina la mama liandikwe chini ya wimbo wake, mama akiwa hai.

Mwaka huu Ondrej akapatikana. Ni mzee sasa, anafuga nyuki. Alijibu siku ile ile. Aliandika: "Uliniambia ni wa mama yako, nikacheka. Nimeona aibu. Tunatoa sahani ile upya, na jina lake litakuwepo." Wiki mbili hazikupita, akatuma picha ya jalada jipya. Séraphine Kavugho, herufi zote, hata kile kialama juu ya e.

Kasereka alichapisha barua na picha, akampelekea Oketch. Alikuwa ameanza kuvimba miguu. Alikwenda kwa miguu hiyo hiyo.

Oketch alisoma yote. Akasema: "Sawa, mzee. Nimekubali. Lakini karatasi bado zipo nyingi. Zikiisha, tutarekebisha."

Zikiisha!

Wasikilizaji wapendwa, watu walio mbali, ng'ambo ya bahari, walirekebisha kosa lao kwa wiki mbili. Sisi tuliokaa naye mji mmoja, tuliopeana naye mkono wa amani kila Jumapili, tulingoja karatasi ziishe. Karatasi hazikuisha. Kasereka ndiye aliyeisha.

Tulimzika Jumamosi. Ratiba ya mazishi ilichapwa haraka, na mchapaji akanakili ile karatasi ya kwaya kama ilivyo. Tukauimba wimbo mbele ya jeneza. Mama Séraphine alikaa kwenye kiti cha plastiki, ratiba mapajani. Hajui kusoma. Alipitisha kidole chini ya mistari, akamwuliza Victoire, "Wameniandika?"

Victoire akajibu, "Ndiyo, mama. Wamekuandika."

Baadaye Victoire alinishika mkono getini, akanibana hadi nikaumia. "Mmenifanya nimdanganye mama yangu mbele ya maiti ya kaka yangu," akasema. "Mnaimba vizuri sana, mama kwaya. Hongereni."

 

Siku ya nne Victoire alimwambia mama ukweli. Amenipa ruhusa niuseme hapa. Nilikwenda Kawempe kuomba msamaha. Nilipiga magoti. Mama Séraphine akaniuliza:

"Wewe ni wa kwaya?"

"Ndiyo, mama."

"Mnauimba mbio. Kilima hakipandwi hivyo. Mtoto angeanguka."

Kisha akaniimbia. Hatua nne, pumzi. Darlène alikuwa nje, ananoa msumeno wa mteja wa baba yake, akasimamisha tupa mpaka mama alipomaliza. Mama akasema: "Kasereka alihangaika sana na jina langu. Nilimwambia aache, Mungu ananijua. Akanijibu, 'Mungu anakujua, mama. Hawa ndio hawakujui.'"

Kwa Mama Séraphine, kwa Victoire, kwa Darlène, tunatoa pole. Bwana ampokee Guerschom Kasereka, ampumzishe miguu. Lakini pole bila kazi ni kelele. Kila mmoja wetu ajiulize leo: ni nani aliniambia kweli, nami nikamwuliza karatasi? Ni jambo gani nimeliacha mpaka kitu fulani kiishe?

Na wewe mwenye ile karatasi ya kwaya nyumbani, au ratiba ya mazishi ndani ya Biblia yako, itoe sasa. Sitaupiga wimbo kabla ya hapo. Mwalimu Oketch, najua unasikiliza, na najua kabati la karatasi za kwaya liko wapi. Chukueni kalamu. Futeni maneno "ya jadi, Slovakia". Andikeni pale: Séraphine Kavugho, Lubero. Nitataja herufi za jina la kwao moja moja, asikosee mtu.

K. A. V. U. G. H. O.

Mama, hapo Kawempe, ongeza sauti ya redio. Wanakuandika.