Vidole Vyangu Vilikataa Jina la Mwingine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe Makutupora kwenye zabibu, asifiwe Nzuguni kwenye vumbi, na asifiwe hata huku Msumbiji nilikokaa kuwaandikia maneno haya!

Mimi ni Loyce. Asubuhi moja, nikiwa kidato cha pili, niliamka kijijini kwetu Kongwa, nikatia kanga mbili kwenye mfuko wa rambo, nikaondoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilitaka tu kujua lori lililokuwa likipakia alizeti linakwenda wapi. Lilikwenda Dodoma, nami shule sikurudi tena.

Ndugu zangu, ndivyo nilivyoishi. Nilichuma zabibu Makutupora. Nikaosha vyombo kwa mama lishe, nikachoka. Nikaenda Kondoa kulea watoto wa watu, nikaondoka bila kuaga, na hilo nalitubu mbele yenu. Kitu kimoja tu sikukiacha popote: kuuliza. Makutupora alikuwapo mtaalamu mmoja wa mizabibu, mzee mgeni asiyejua Kiswahili. Nilimfuata mstari kwa mstari nikimwonyesha jani, mkasi, ndoo, naye akinitajia kwa Kiingereza. Misimu mitatu! Nikasoma maelezo ya dawa za kupulizia, nikasoma magazeti yaliyofungiwa nyama, mpaka Kiingereza kikakubali kukaa kinywani mwangu.

Miaka ile serikali ilikuwa inaachia biashara. Mashirika yaliuzwa, kampuni za watu binafsi zikafunguliwa, na kila karani alitaka Kiingereza kwa kuwa hakujua bosi wake mpya atatoka wapi. Nikaanzisha tuisheni Nzuguni, kwenye banda la kanisa. Wakaja makarani, wakaja wapiga chapa. Waliniita Madam. Mimi, wa kidato cha pili!

Hapo ikaja barua kutoka Nampula, huku Msumbiji. Kituo cha lugha cha kanisa moja kilitafuta mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima, na mwanafunzi wangu mmoja aliyehamia kule alikuwa amenitaja. Vita vyao vilikuwa vimekwisha, watu walitaka kufanya biashara na majirani. Ndugu zangu, miguu yangu ilianza kucheza kabla sijamaliza kusoma!

Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Nisiingie kwa viza ya matembezi halafu nikafanya kazi. Ni kosa, nitarudishwa na kituo kitaadhibiwa. Kibali cha kazi wataniombea wao, na kibali kikitoka ndipo nitapewa viza ubalozini, kabla ya kuvuka mpaka. Ili waombe, nipeleke nakala ya hati ya kusafiria, cheti cha daktari, cheti cha polisi kwamba sina makosa, na cheti cha kidato cha nne kilichothibitishwa.

Kidato cha nne! Nililala nao ukurasa ule kama mgonjwa.

Mwalimu Festo, tuliyefundisha naye banda moja, aliusoma akacheka.

"Madam, mbona unalia kwa kitu chepesi? Huna ndugu mwenye cheti?"

"Ninaye Janeth, mtoto wa mama mkubwa. Ameolewa Busi, analima."

"Cheti anakilimia?"

"Kiko sandukuni."

"Basi kuanzia leo wewe ni Janeth. Nusu ya maofisi ya nchi hii watu wanaitwa majina ya binamu zao. Nani atakujua huko Nampula?"

Ni kweli, ndugu zangu, tusidanganyane. Jambo hili kwetu tumelizoea. Mtu anasoma kwa jina la dada yake, anaajiriwa kwa jina la marehemu kaka yake, na nyumbani tunakula mshahara bila kuuliza. Nami sikuona dhambi. Nilikwenda Busi. Janeth alikuwa shambani, akanipa cheti huku mikono ina udongo. "Chukua," alisema, "kiko humo kinaliwa na mende. Ila usinichafulie jina."

Nikaanza na polisi, ili hati ya kusafiria nayo itoke kwa jina hilohilo. Nilikaa kwenye benchi tangu ofisi zilipofunguliwa. Nilikuwa nimeomba, tena nimeomba sana: Bwana, wafumbe macho wasione! Tazameni sala gani hiyo!

Mwisho askari mmoja mtu mzima alikuja akanigusa bega, akaniingiza chumba cha alama za vidole.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Janeth wa Busi, siyo?"

"Ndiyo, afande."

Akapaka wino kibati, akashika kidole gumba changu. "Legeza mkono, binti. Usinisaidie. Kila mtu akija hapa anataka kunisaidia." Mkono wangu ulikuwa mgumu kama jembe. "Legeza. Hakiumi hiki. Ukishabonyeza hapa, wewe na jina hili hamtaachana tena. Hata ndoa haifungwi namna hii!" Akacheka.

Mimi sikucheka. Niliangalia karatasi. Pale juu Janeth, na chini nafasi kumi tupu zinasubiri vidole vyangu, vidole alivyonizaa navyo mama yangu. Nikamwona moyoni mama kule Kongwa anataka kuniandikia barua. Juu ya bahasha ataandika jina la nani? Nikifa huko, watazika nani? Nilikuwa nimekimbia nyumbani, nimekimbia shule, nimekimbia waajiri, na sasa nilikuwa nimefika mahali pa kujikimbia mwenyewe.

Nikavuta mkono, una wino.

"Afande, nisamehe. Siyo mimi. Janeth ni ndugu yangu. Mimi ni Loyce, niliishia kidato cha pili."

Niliona pingu zinaning'inia ukutani, nikasema moyoni, Loyce, leo ndiyo mwisho wa kutembea.

Yule askari akaweka kibati chini. "Nilijua," akasema. "Nimekuita Janeth mara tatu pale benchi, hukuinua hata kichwa. Nikasema, huyu ni kiziwi, au si Janeth."

Akachana ile karatasi. Akanipa kitambaa cha mafuta ya taa nifute wino. "Sijaandika kitu. Rudisha cheti cha watu. Na siku ukirudi hapa, uje wewe."

Haleluya! Nilimwomba Bwana afumbe watu macho, naye akamfumbua mtu macho ili aniokoe!

Nilikirudisha cheti Busi. Janeth alinicheka mpaka akakaa chini. "Yaani jina langu limekushinda hata kulibeba wiki moja?" Niliwaandikia Nampula ukweli wote. Wakajibu kwa upole kwamba nafasi wamempa mwingine, na nikipata cheti changu niandike tena.

Ndugu zangu, ilikuwa kazi! Nilijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwanza mtihani wa maarifa wa kufidia kidato cha pili, kisha kidato cha nne. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba Madam wao hana cheti. Nilidhani watahama. Hawakuhama! Karani mmoja wa hazina akasema, "Basi tubadilishane, Madam. Wewe tupe Kiingereza, sisi tukupe hesabu." Wakanifundisha kwenye ubao uleule. Mtu wa kutangatanga nikakaa Nzuguni miaka mitatu bila kuhama, na huo nauhesabu muujiza wa pili. Nikafaulu! Jina juu ya cheti: langu.

Nikarudi polisi. Yule afande hakuwapo, alikuwa amestaafu. Kijana mwingine akashika vidole vyangu, akasema, "Dada una mkono mlegevu vizuri, watu wengi wananisumbua." Nikacheka peke yangu. Nampula wakatuma mkataba wa mwalimu msaidizi, kibali kikatoka, na ubalozini Dar es Salaam wakagonga viza kwenye hati yangu. Mpakani ofisa aliisoma kurasa zote, akanitazama usoni, akatazama picha, akanipisha.

Nimefika Nampula juzi. Mama mwenye nyumba ya wageni, jirani na kituo, hajui Kiswahili wala Kiingereza. Alinyoosha mkono akaomba hati, akaingia nayo ndani kunakili jina langu. Nilikaa barazani bila hofu yoyote. Akatoka na ufunguo, akaniita kwa sauti kutoka mlangoni: "Loisi!" Niliinuka mara ya kwanza tu.

Ndugu yangu unayesoma, kama unaishi kwa jina lisilo lako, au kwa uongo wowote uliouzoea, usiogope kuvuta mkono. Bwana anakujua ulivyo, na anayo njia inayokutosha wewe. Mwamini! Nami nasema asanteni kwa maombi yenu. Chumba kina kitanda, meza na dirisha, na kesho saa mbili naingia darasani.