Vipai vya Epo vya Bi Mwanapili

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutuamsha kwa harufu ya mkate, Bi Mwanapili Machano anastaafu leo, tarehe 30 Novemba. Jiko la hoteli yetu hapa Mji Mkongwe halijapata siku nzito kama hii.

Alianza kwa kuosha masufuria, akapanda mpaka akawa mpishi mkuu wa mikate na keki. Lakini wageni walimjua zaidi kwa vipai vyake. Kila vuli, maepo ya Lushoto yakifika soko la Darajani, aliyakatakata, akayapika kwa sukari, mdalasini na karafuu, akayafunga ndani ya unga uliokandwa kwa siagi, kila kipai saizi ya kiganja. Ukingoni alikikunjakunja kama msuko wa ukili wa mkeka, kazi aliyojifunza kwao Kizimkazi.

Vya mwanzo kuiva havikuwa vya wageni. Viliingia bakuli lenye kifuniko cha buluu na kupelekwa kwa mumewe, Mzee Kheir, fundi cherehani wa kichochoro cha nyuma. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, na la Mzee Kheir lilirudi limejaa maua mabichi ya asumini.

"Bi Mwanapili, leo bwana kasemaje?" Ahmada, mpishi wa mchuzi, hakuchoka kuuliza.

"Kasema koroga mchuzi wako, unaungua!"

Kisha anayaficha maua chini ya mtandio, ananukia mpaka jioni. Wallahi, nani asingetamani kupendwa hivyo?

Vuli iliyopita Mzee Kheir alifariki ghafla, bakuli likiwa kwake. Majirani walilirudisha limeoshwa vizuri. Ndani hamkuwa na kitu.

Alipotoka eda alirudi kazini, akapika kila kitu isipokuwa vipai. Vuli hii tulimwekea kreti la maepo mezani. Akalifunika kwa kitambaa. Tukajua ataondoka bila ya kuvipika tena.

Wiki iliyopita, mvua ikinyesha, alilifunua kreti mwenyewe. Vipai vilipoiva akajaza bakuli, akaenda nalo mlango wa nyuma, akasimama. Hakuwa na pa kulipeleka. Sote tukageukia masufuria yetu, tusimtazame akilia.

Halafu akaniita mimi, niliyeolewa juzijuzi tu.

"Mpelekee mumeo, mwanangu, vingali moto. Na usivile njiani!"

Mabrouk wangu, kipenzi cha roho yangu, alivimaliza vyote, kisha akaniuliza bakuli ni la nani. Nikamhadithia. Akainuka kuliosha bakuli mwenyewe.

Bi Mwanapili, ahsante kwa mikate, kwa kutukaripia, na kwa kutuonyesha mapenzi yanavyotunzwa. Mungu akupe afya na utulivu huko Kizimkazi kwa dada yako. Sisi tutakukumbuka kila vuli.

Bakuli lako liko mezani, mbele yako. Lifunue taratibu. Mabrouk ameyachuma alfajiri, yangali na umande.