Gombe Wakati wa Mvua

Kwenye basi dogo la kutoka Kibondo kwenda Kasulu nilikaa nyuma ya Saidi, muuza nguo, na Esteri, mkulima wa Nyakitonto. Walikuwa wamefahamiana njiani. Esteri alisema mwezi wa nne anakwenda Gombe kuangalia sokwe.

"Mwezi wa nne ni mvua tupu, dada," Saidi akasema. "Mimi nilipeleka watoto mwezi wa nane. Njia kavu, kilima unapanda bila kuteleza." Alizungumza kama mwenye msitu.

"Nimeambiwa, kaka. Ila mimi naitaka mvua."

"Na palizi je?"

"Itanisubiri," Esteri akasema. "Tulipokimbia Burundi nilikuwa mdogo. Tulipita porini mvua ikinyesha, mama akatukataza kuinua macho tusije tukajikwaa. Msitu wote ule sikuuona. Niliona visigino vya mama tu."

Saidi akasema, "Basi nenda hata wa sita. Majani yatakuwa bado mabichi."

"Wa nne."

Gari likasimama stendi ya Kasulu, konda akafungua mlango. Saidi akampokea kikapu chake.

"Utalowa, dada."

"Nitalowa," Esteri akasema, akashuka.