Casimir Aliyekataa Kimya cha Injini

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni kidogo sauti ya redio. Leo hatuneni polepole. Ijumaa iliyopita, hapa Likasi, alifariki Casimir Kisimba, fundi wa kukereza chuma, mkazi wa Shituru. Narudia jina, maana kuna waliotaka lisitajwe: Casimir. Casimir Kisimba.

Aliingia kiwandani mwaka 1967, mwaka ule ule madini yalipotiwa mikononi mwa serikali. Miaka mitano baadaye wakubwa wa serikali wakaamuru kila mtu aache jina lake la ubatizo. Kwenye karatasi za kazi, Casimir akafutwa. Basi akachukua tindo, akalichonga jina lake kwenye kifuniko cha sanduku la vyombo. Herufi saba, ndani ya chuma.

Mjane wake, mama Eugénie, anakumbuka: "Nilimuambia, baba, bale batu batakufunga. Akanijibu: bakuje na tindo yabo, bafute."

Hawakuja.

Sasa twende mwaka 1996. Esansi, petroli ya magari, ilikuwa adimu. Mapipa yaliyofika mjini yalitoka kusini, na ndani yake mlikuwa na esansi mpya, isiyo na risasi. Isiyo na risasi, wasikilizaji: risasi ya madini, si ya bunduki. Magari yetu yalikuwa ya zamani, yaliyozoea ile yenye risasi. Landrova ya zahanati ilikuwa ya mwaka 1967. Ndiyo iliyowachukua akina mama wajawazito kutoka vijiji vya wavuvi vya ziwa Tshangalele. Gari lingine halikuwapo.

Wiki chache zikapita, ikatokea ajabu. Injini kuukuu, zilizokuwa zikigonga tik-tik-tik miaka yote, zikatulia. Madereva wakashangilia. Lambert, dereva wa zahanati, akaisimamisha Landrova mbele ya karakana na kumwita Casimir.

"Mzee, sikia! Motere inanyamaza kama mutoto mwenye kushiba."

"Kama mutoto mwenye homa," Casimir akasema, akigonga kifuniko cha injini. "Fungua kapo."

"Weye uko na wivu! Esansi imeiponyesha, sasa utakosa kazi."

Watu wakacheka. Casimir hakucheka. Ndani ya injini kuna supapu, vifuniko vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga bila kupumzika. Ile risasi iliacha utando mwembamba mahali supapu inapokalia. Utando ukiisha, chuma cha moto kinapiga chuma cha moto, na supapu inazama kidogo kidogo. Ikizama, ile nafasi ndogo iliyokuwa ikigonga inajaa. Kelele inakwisha. Watu wanasema imepona, kumbe haifungi tena vizuri, na nguvu inavuja.

Alisema hivyo. Hawakumsikia. Mwezi haukuisha, Landrova ikashindwa kupanda kilima ikiwa tupu.

Mkuu wa karakana ya kampuni ya madini akaleta karatasi: injini imekufa, gari likatwe, liuzwe kama chuma chakavu. Sahihi moja tu ilikosekana, ya fundi.

"Tia sinyatire, Kisimba."

"Shiwezi, shefu. Shiziki kitu chenye kupumua."

"Ukigusa tour, ile mashini ya kukereza ya kampuni, ju ya ile gari, kazi yako imekwisha. Na nyumba yako pia."

Wasikilizaji wapendwa, Casimir alikuwa na watoto sita katika nyumba ile ya kampuni. Aliirudisha karatasi mezani, nyeupe vile vile. Kesho yake, saa sita mchana, watu wote wakitazama, akaweka kwenye mashine yake kipande cha mhimili mgumu alichookota katika vyuma vya kutupwa. Akaanza kukereza pete nane, vikalio vipya vya supapu nane, vigumu kuliko vile vya zamani.

Mkuu akazima swichi. Casimir akaiwasha. Mkuu akaizima tena.

"Ni kuraa ya kampuni!" akafoka, akionyesha nyaya za umeme.

"Ni mayi ya muto Lufira inazungusha mashini ya kuraa kule Koni," Casimir akajibu. "Lufira haikuomba sinyatire yako."

Karakana nzima ikapiga nyundo juu ya meza. Safari ya tatu mkuu hakuzima tena. Aliondoka kwenda kuandika barua. Barua ilifika kabla pete ya nane haijapoa. Miaka ishirini na tisa ya kazi, mistari miwili.

Casimir alizipachika pete zile uani kwa Lambert, ambako Landrova ilikuwa ikingoja. Alipowasha injini, tik-tik-tik ikarudi. Lambert, aliyekuwa amemcheka, akaketi chini na kujifunika uso kwa kofia.

Jumapili ile ile Lambert akaenda ziwani. Mama Martine alikuwa na uchungu siku ya pili. Kilima kile kile, Landrova ikakipanda ikiwa na watu watano. Mtoto alizaliwa robo saa baada ya kufika. Ni Mélanie, yule mwenye kuuza samaki wabichi hapa Shituru. Jana alituambia: "Muzee hakukuwa ndugu yetu. Alipoteza nyumba ju ya mutu asiyemujua. Ule mutu ni minye," akajionyesha kwa kidole.

Casimir hakurudishiwa kazi. Hakuomba. Alitengeneza magari ya zamani chini ya bati moja la kuazima, sanduku lake lenye herufi saba pembeni, hadi mikono ilipokataa.

Kwa mama Eugénie, watoto sita na wajukuu: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Tunajivuna pamoja nanyi.

Na wewe unayesikiliza, jiulize. Nyumbani kwako, kazini kwako, katika nchi hii, ni kitu gani kilinyamaza, nawe ukasema kimepona?

Mazishi ni kesho saa nne. Mama Eugénie amekataa dakika moja ya kimya. Amesema mume wake alikijua kimya, na alijua kinaua nini. Kwa hiyo mzee Lambert atatangulia na Landrova hadi mlango wa makaburi. Wenye magari ya zamani, mfuateni. Fungueni kapo. Msizime injini.

Ziacheni zigonge.