Mtoto Niliyemwacha Kwenye Boti ya Msaada

Bwana asifiwe, kanisa! Amahoro, amani ya Mungu, iwe nanyi, wa hapa mjini Rumonge na mliotoka Minago na Kizuka. Mimi ni Jeneroza, binti wa Kizuka. Niliolewa ng'ambo, upande wa Kongo, na fundi wa mitumbwi aitwaye Bahati. Nimesimama hapa kwa sababu Mungu alinitoa mautini, na mikono aliyoitumia ilitoka Burundi.

Ndugu zangu, kijiji chetu kilibanwa kati ya mlima na ziwa, mto ukipita katikati. Bahati alichonga mbao. Mama mkwe alianika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni. Mimi niliuza mawese yaliyoletwa kutoka huku kwetu. Hatukuwa na mali, lakini jioni tulikula, tukacheka, tukamshukuru Mungu.

Siku ile kwetu jua liliwaka. Mvua ilikuwa inanyesha kule juu milimani tu. Tukasikia mngurumo, kama malori mengi yanateremka pamoja. Bahati alimfunga binti yetu Furaha mgongoni mwangu, akasema, "Wewe panda na mutoto. Mimi namufuata mama."

Hilo ndilo neno lake la mwisho masikioni mwangu. Mto ulishuka na mawe, na miti, na nyumba za watu wa juu. Nilipogeuka nikiwa juu kilimani, nilipokuwa naishi palikuwa tope tupu. Mama mkwe tulimpata, tukamzika. Bahati wangu hajaonekana mpaka leo.

Tuliopona tulikusanyika kilimani, kwenye kanisa dogo lisilo na milango. Barabara ilikuwa imekatika, simu hazikushika. Tulikunywa maji ya mto uleule uliotuua, maana hatukuwa na mengine. Kisha tumbo la kuhara likaingia. Wazee walianza kufa, halafu watoto. Furaha wangu akaacha kulia. Ndugu zangu, mtoto akiacha kulia, mama anajua! Macho yake yalizama. Nikiivuta ngozi ya tumbo lake, ilibaki imesimama hivyohivyo.

Nilimwambia Mungu, "Umemchukua mume wangu na nyumba yangu. Sasa na huyu?"

Asubuhi moja tukasikia injini ziwani. Mtu aliyekuwa nje ya kanisa akapiga kelele, "Askari! Askari wanashuka!" Nyote mnajua pwani ile imeona mauaji gani. Sare na boti kwetu havikuwahi kuleta heri. Watu waliokota watoto wao wakakimbilia juu zaidi. Shemasi wetu alinishika mkono: "Mama Furaha, inuka, twende!"

Nikamwambia, "Mimi sitafika. Mutoto atanikufia njiani."

Akalia, akaniacha. Nikabaki peke yangu na mtoto asiye na nguvu ya kufumba macho. Nikasema, "Bwana, huko juu kifo kiko. Hapa kifo kiko. Basi nateremka, nishike." Nikateremka.

Nilipokaribia, niliwaona wanaume wenye sare wakishusha magunia ya unga, na mmoja akiwahimiza wenzake kwa Kirundi, "Buhoro, buhoro!" Polepole, polepole! Haleluya! Ilikuwa lugha ya mama yangu! Nikapaza sauti, "Amahoro!"

Wote wakageuka. Mkubwa wao akauliza, "Mama, wewe ni wa wapi?"

"Wa Rumonge! Wa Kizuka!"

"Na sisi tumetoka Rumonge leo hii. Serikali imetutuma kuleta msaada. Watu wako wapi?"

Kabla sijajibu, muuguzi mmoja mwanamke alikuwa ameshampokea Furaha. Alimlaza ndani ya boti juu ya shitingi, turubai la plastiki, akautafuta mshipa, akauchoma, akautafuta tena. Serumu, maji ya dawa ya mshipani, ilipoanza kudondoka, aliitundika kwenye kasia. Mkubwa akaniambia watu wameogopa, na wakiwaita kwa kipaza sauti hawawaamini. Upepo ulikuwa unaanza kuchafua ziwa. Askari wangeweza kungoja kidogo tu. Akasema, "Dawa iko, maji safi iko. Lakini tukienda kuwafuata, watazidi kukimbia. Ni wewe utawaita."

Nikamtazama Furaha. Nilikuwa nimeshawapoteza wawili. Nimwache wa tatu mikononi mwa askari nisiowajua, nipande mlima? Muuguzi hakunihimiza. Alisema tu, "Niko naye, dada."

Nikapanda. Ndugu zangu, sikuwahi kutembea njia nzito namna ile. Niliwakuta wamejificha migombani. Nikawaambia ni msaada, ni Warundi, waje. Hawakuamini. Mzee mmoja akasema, "Wamekutisha, wamekutuma utupeleke."

Shemasi akanitazama mgongoni. Kitambaa kilikuwa kitupu. Akauliza taratibu, "Furaha iko wapi?"

"Nimemuacha kwao. Wanamupa dawa."

Mama mmoja aliyekuwa na pacha wagonjwa akasema, "Huyu hawezi kumuacha mutoto wake kwa wauaji." Akashika njia ya kuteremka. Wengine wakamfuata, na shemasi akambeba yule mzee mgongoni.

Si wote waliopona. Mmoja wa wale pacha alifia ufukweni, na mama yake yuko katika maombi yangu kila siku. Lakini wengi walikunywa, walitibiwa, walipewa unga na shitingi za kujisitiri. Nami nilivushwa mpaka huku kwetu na mtoto wangu.

Ndugu zangu, muuguzi alinieleza kwamba baadhi ya nguo na unga vilichangwa hapa Rumonge. Ninyi, ambao ziwa lililofurika limemeza nyumba zenu! Murakoze. Murakoze cane, asanteni sana. Naishukuru serikali iliyovusha mkono wake kwa watu wasio raia wake. Na juu ya wote namshukuru Yesu.

Siwezi kuwaambia kwamba Mungu alinirudishia vyote. Bado namlilia Bahati. Lakini wewe uliyejificha leo na jeraha lako, unayeogopa kila mkono unaonyooshwa, njoo mbele tuombe. Mwamini Bwana huku unatetemeka. Nilitetemeka mimi, na hakuniacha.

Yule pale karibu na mama yangu, bibi yake, mwenye gauni la njano. Furaha, mwanangu, simama wakuone.