Mzee Kalisti Bujiku na Mama wa Pembeni ya Picha

Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Shinyanga mliokuja na lori mpaka hapa Ushirombo, na wewe mtani wetu Shaaban Akida uliyekaa karibu na mbuzi yule kana kwamba keshakuwa wako, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Kalisti Bujiku, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana angesikia nimeyapamba angeinuka anipekue mifuko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa hapa Ushirombo, mtoto wa tatu wa mzee Bujiku na mama Limi, akabatizwa misheni, akaanza shule mwaka 1940 na kuishia darasa la nne mwaka 1944, baba alipomhitaji machungani, na hata huko alikuwa akihesabu ng'ombe wakati wa kwenda, wakati wa kunywesha na wakati wa kurudi, halafu anamgeukia mwenzake na kumuuliza anacheka nini.

Tarehe 3 Februari 1952 aliajiriwa katika mgodi wa dhahabu Geita, na baada ya miaka miwili akawekwa getini kuwa mkaguzi, kazi ya kupekua viatu, nywele, vibuyu na hata bonge la ugali, asije mtu akatoka na punje ya dhahabu, na kazi hiyo ilimwingia damuni kabisa, kwani hata nyumbani ukimletea zawadi aliigeuza kwanza atazame chini, kisha anakwambia kikulacho ki nguoni mwako. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alihamia Shinyanga mjini, akawa mkuu wa walinzi katika kinu cha pamba mpaka alipostaafu mwaka 1986, na wenzake wa kinuni waliopo hapa wanajua nasema nini, hakuna aliyetoka na kilemba kikubwa asisimamishwe.

Alifunga ndoa takatifu na Bernadina tarehe 22 Novemba 1958, Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza Marselino, ambaye surua ilimchukua mwezi Aprili 1963 akiwa na miaka mitatu, kisha Philomena, Onesmo na Nyamizi, ambao mnawaona hapa mbele. Baada ya kumzika Marselino, Bernadina alinyamaza, hakula vizuri wala hakulala, basi mwezi Juni kaka akamchukua wakaenda Shinyanga kwa Euphrasia, dada wa Bernadina, na huko wakaingia sinema, ikawa siku hiyo wanaonyesha filamu ya Kijapani isiyo na rangi, ya kijana anayeaga nyumbani kwenda vitani, naye mama yake amesimama pembeni kabisa mwa ukuta, karibu na kisima, ameshika ndara za mwanawe kwa kamba, halii wala hasemi neno. Bernadina alilia mle ndani mpaka watu wakageuka, na walipotoka alisema yule mama amemuaga Marselino kwa niaba yake, na tangu siku hiyo akaanza kula, na kila mwaka ulipofika Aprili alimtaja mama wa ndara.

Bernadina alifariki tarehe 2 Agosti 1979, tukamzika hapa Ushirombo, na hapo ndipo kaka alipoanza mambo ambayo ukoo wetu haukuyaelewa, kwani mwaka 1983 aliuza ng'ombe akanunua televisheni na mashine ya video, wakati sisi Wasukuma tunanunua ng'ombe, hatuuzi ng'ombe kununua kioo, wazee wakasema kaka amerogwa. Alikuwa akiutafuta mkanda wa filamu ile. Katika kuutafuta alikutana na Shaaban Akida, mwenye duka la vitambaa, mwana wa Mzaramo, yaani mtani wetu halisi, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huo huo wa filamu za zamani za Kijapani, ndugu zake mabaharia wakimletea, na kila Jumapili baada ya misa wawili hao walikaa kulinganisha mikanda yao, upi una mvua ya chenga, upi sauti yake imekwaruza, upi maandishi ya chini yanamruka mtu anapoongea.

Mwezi Desemba 1984 Shaaban alipata filamu ile ile katika mikanda miwili tofauti, akamwambia kaka achague kwanza, nao wakaijaribu dakika chache, mmoja picha ikajaa kioo chote, mwingine picha ikawa nyembamba, juu na chini kuna ukanda mweusi mtupu, na mkaguzi wetu wa getini akaona wazi kwamba palipozibwa ndipo palipoibwa, akauchukua uliojaa, akaenda nao nyumbani akijisifu. Loo! Usiku ule kijana wa filamu aliinama kuaga mbele ya ukuta mtupu, mama hayupo.

Kaka alifungua kaseti kwa bisibisi, akaukagua utepe kwenye taa akitafuta ulipokatwa, akamshuku Onesmo, akamshuku jirani aliyeazima mashine, na mwisho akaenda dukani kumuuliza Shaaban, na mtani, kama watani walivyo, akamjibu mbele za wateja, "Ndiyo, huyo mama nimemkata mimi nikamuoa, lete mbuzi nimrudishe." Sote tunajua mtani hakasirikiwi, akikwambia amekula shamba lako unacheka, lakini kaka yangu, kwa kuwa jambo lilikuwa la Bernadina, alilipokea neno lile kama ungamo la mwizi, akarudi nyumbani, na kwa miaka mitatu na zaidi hakuitikia salamu ya Shaaban, hata siku ya Idi sahani ya pilau ilirudishwa na kifuniko chake.

Mwezi Mei 1988 kifua, ambacho vumbi la Geita lilikuwa limekianza zamani, kilimlaza hospitali, akarudi nyumbani akiwa amekonda, na tarehe 18 Septemba Shaaban aliingia bila kubisha hodi, amebeba mkanda wake, akamwambia mtani hangojwi afe ndipo aletewe mahari. Waliuweka ule wenye weusi juu na chini, na mama alikuwepo, pembeni kabisa, na ndara zake. Kaka akaomba wauweke na wa kwake, picha ikasimamishwa pale pale, ukuta ule ule, naye akakaza macho akaona ukingoni mwa kioo ncha ya kamba ya ndara ikining'inia, kamba aliyokuwa akiiona miaka yote bila kuijua. Filamu ilitengenezwa pana kama kitambaa cha sinema, waliotaka ijae kioo walikata pande zake, na ule mweusi haukuficha kitu, ulikuwa nafasi iliyobaki baada ya picha kuwekwa nzima. Kaka alilia, akasema, "Mayu, mama yangu, kumbe ulikuwepo," kisha akamshika mtani mkono, akamwagiza Onesmo atafute mbuzi.

Alifariki tarehe 9 Novemba 1988 nyumbani kwake, Shaaban akiwa amemshika kichwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa mgodini na kinuni, na mtani wetu, ambaye asubuhi hii amekuta kaburi limechimbwa mbali na la Bernadina, akaingia shimoni na kukataa kutoka mpaka tulipochimba jingine, ubavuni pa Bernadina; basi mtani, mbuzi ni wako, mchukue. Pumzika, kaka yangu Kalisti, mkeo yupo pembeni yako, na leo getini hapakaguliwi mtu.