Toleo la Mwisho Lililokuwa Zima

Wasifu wa marehemu Haitham Silima Ngwali, uliosomwa na mdogo wake, Suhaib, siku ya hitma, Ole, Pemba

Marehemu Haitham Silima Ngwali alizaliwa hapa Ole, Ijumaa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Silima Ngwali na Bi Moza Haroub. Bi Moza, ambaye tunaye hapa na Mola amzidishie subira, anasema mwanawe alitoka tumboni kimya, akaangaza huku na huku kama anayetafuta kosa, ndipo akalia. Sisi hatukuwapo, tunamwachia mwenyewe.

Alianza skuli ya msingi Ole mwaka 1991. Akiwa darasa la tano, mpira wa kuvuta maji kutoka kisimani mpaka kwenye bustani ya mboga uliacha kutoa maji. Watu wazima wakaanza kuupapasa kutoka mwanzo, kidogo kidogo. Haitham akaukata katikati. Maji yakaruka, basi nusu ya upande wa kisima ni salama. Akaikata katikati nusu iliyobaki, kisha nusu ya nusu, mpaka akamkuta chura kajibana ndani. Kwa hesabu yake alikuwa ameshinda. Mzee Silima, aliporudi kutoka kwenye mikarafuu akakuta mpira wake umekuwa vipande vya watoto kuchezea, alikuwa na hesabu nyingine. Marehemu alilala kifudifudi siku ile.

Baada ya sekondari Chake Chake na stashahada ya kompyuta Unguja, alirudi Ole mwaka 2008, na kazi aliyoipata ikawa ile ile ya mpira. Kila kompyuta ina kiini cha mfumo wake, na ndani ya kiini mna draiva, programu ndogo zinazokiwezesha kutumia vifaa kama kadi ya sauti, kamera na printa. Watu wa dunia nzima hukibadilisha kiini hicho kila siku kwa nia njema, na mara nyingine kifaa kilichokuwa kizima jana, leo hakifanyi kazi. Haitham, aliyeajiriwa na kampuni ya ng'ambo huku amekaa kwao, alitafuta badiliko lililoleta balaa. Alichukua toleo la mwisho lililokuwa zima na la kwanza lililokuwa bovu, akajaribu la katikati. Likiwa zima, kosa liko mbele. Likiwa bovu, kosa liko nyuma. Alikata hivyo nusu kwa nusu mpaka likabaki badiliko moja. Kilichotakiwa ni jibu la kweli kila hatua, maana jibu moja la uongo humkamatisha asiyehusika.

Majirani waliona mtu mzima anayewasha kompyuta, anaitazama, anasema "mbovu," anaizima, kisha anaiwasha tena. Wapo waliomletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, apate kupona. Alilinywa, akashukuru, akawasha tena.

Mwaka 2013 alipeleka posa Kiuyu kwa Mzee Mjaka Kificho, kumwomba bintiye, Asya. Mzee Mjaka alikuja mwenyewe kumchunguza kijana, akakaa barazani kutwa, akarudi kwao na jibu.

"Ntu nzima, kutwa kuwasha na kuzima! Kazi hiyo hata swichi ya ukutani yaiweza. Mie mwanangu simtoi."

Haitham alikosa raha. Chakula kilimshinda, hata pweza wa Bi Moza, na aliyemjua alijua kwamba hapo mambo yamefika pabaya.

Ramadhani ikaingia. Darsa za Mzee Mjaka zilikuwa zikipitia kwenye kompyuta iliyowekwa chumbani kwake, zikitoka kwenye spika ya msikiti uliopakana na nyumba yake. Toleo jipya la kiini likaingizwa, na spika ikawa bubu. Mzee Mjaka alisema ni hasidi. Vijana wa msikiti walisema ni draiva, wakamwita Haitham. Hakuna posa iliyowahi kupata nafasi ya pili namna ile.

Kila toleo alilolijaribu, Haitham alisema "Bismillahi" kwenye maikrofoni kule chumbani, madirisha yamefungwa ili spika isivume, na Mzee Mjaka, aliyesimama chini ya spika, akamjibu kwa kupaza sauti.

"Nzima au mbovu, mzee?"

"Mbovu!"

"Na hii?"

"Mbovu, baba!"

Hapo Mzee Mjaka akaingiwa na haya. Mgeni katoka Ole, kafunga, midomo imemkauka, na kila analolifanya anaambiwa bovu! Adabu ya wapi hiyo? Alipoulizwa mara ya tatu, akajibu kwa ukunjufu, "Nzima, baba, ahsante!" Spika ilikuwa kimya kama ukuta.

Kwa jibu lile, msako ukaenda njia nyingine kabisa, ukamwangukia Mfini mmoja, fundi wa kule Finland, aliyerekebisha taa za kibodi. Haitham akamtuhumu mtandaoni mbele ya mafundi wa dunia nzima. Mfini akajibu kwa upole, akiuliza taa za kibodi zinahusiana vipi na darsa la Ramadhani. Jina la Haitham lilikuwa linaharibika, na mchumba ndiyo basi tena.

Wakati wa kuandaa futari, Asya akasema kutoka nyuma ya pazia, "Kaka Haitham, baba kakuonea haya. Ile ya tatu haikulia. Mie nilikuwa uani, sikusikia kitu."

Haitham akarudi kwenye ile ya tatu. Safari hii kosa likapatikana: kuna aliyeifundisha kadi ya sauti kulala ili kuokoa umeme, akasahau kuifundisha kuamka. Spika ikanguruma. Mzee Mjaka akasema, "Sasa nzima kweli, wallahi," na posa ikakubaliwa kabla tende hazijaisha. Mfini naye aliombwa radhi.

Ndoa ilifungwa Ijumaa tarehe 30 Agosti 2013. Haitham alikuwa akisema hakumwoa Asya kwa uzuri, ingawa anao. Alimwoa kwa sababu hakupata mwingine Pemba nzima wa kumwambia "mbovu." Akivaa shati jipya alimuuliza, nzima au mbovu? Asya akisema mbovu, shati lilivuliwa.

Mwezi wa Machi 2024 aliugua figo. Hata hospitali alianza msako. "Msimu wa karafuu nilikuwa nzima, Ramadhani nimevimba miguu. Tuangalie katikati, daktari." Daktari akamwambia mwili hauna toleo la zamani la kurudia. Wageni walikuja kumkagua wakisema, kama ilivyo desturi yetu, "Leo hujambo, uso umejaa." Wakishaondoka, alimgeukia mkewe.

"Nzima au mbovu?"

"Mbovu, mume wangu."

"Ahsante," alisema kila mara, akapata usingizi.

Jumamosi asubuhi, tarehe 11 Januari 2025, alimuuliza tena. Asya alimtazama sana.

"Nzima," alisema.

Haitham alicheka mpaka akakohoa. "Leo na weye wanionea haya!" Akamshika mkono, hakuuachia. Alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa baada ya sala ya alasiri. Tuliokuwa mlangoni tulishindwa kuzuia machozi.

Ameacha mama yake, Bi Moza; mjane wake, Asya; watoto wawili, Ruweida na Nassor; mdogo wake, Suhaib; na mkwewe, Mzee Mjaka, ambaye tangu Ramadhani ile hajasema "nzima" bila kusikia. Mfini ameleta rambirambi.

Asya, aliyeko ndani akikaa eda ya mumewe, ameomba mwambiwe jambo moja. Tangu Jumamosi mnampa pole, naye anawajibu "nishapoa," kwa kuwa ndiyo adabu. Anasema jibu lile mlifute, halikuwa la kweli. Hajapoa.

Mola amghufirie Haitham, amlipe kwa kila alichokitengeneza, na ampe mapumziko ya salama. Amin.